Kasuku wa Kijivu: Ni wa Aina Gani, na Manyoya Yake Yana Hali Gani?

Muuzaji anakwambia huyu ni Kongo. Jirani aliyewahi kufuga anasema hapana, mweusi namna hii ni Timneh tu. Mwingine aliyemwona kwenye picha ya simu anaapa kuwa ni "Kameruni", na kwamba hao ndio wenye bei. Wiki chache baadaye ndege yule yule anaanza kuacha manyoya sakafuni, na wajuzi wale wale wanagawanyika upya: mmoja anasema ana wadudu, wa pili anasema anabadilisha manyoya, wa tatu anasema ana huzuni.

Ubishi huu una chanzo kimoja. Watu husoma kijivu cha ndege kabla ya kitu kingine chochote, na kijivu ndicho kinachobadilika kuliko vyote. Hubadilika kwa umri, kwa mwanga wa chumba, kwa vumbi la ndege mwenyewe, kwa moshi wa jikoni, kwa lishe na kwa maradhi. Anayeanza na mdomo, mkia na kichwa, kisha akaokota unyoya mmoja na kuutazama kwa karibu, hukosea mara chache.

Spishi, nususpishi na majina ya sokoni

Spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe porini na wenye sifa zinazowatenga na wengine. Nususpishi ni tawi ndani ya spishi moja: linaishi eneo lake, lina tofauti ndogo za kudumu za ukubwa au rangi, lakini bado ni spishi ile ile. Jina la sokoni ni jambo la tatu kabisa. Hilo hutungwa na wauzaji, na halihitaji ushahidi wowote.

Kwa muda mrefu kasuku wa kijivu alihesabiwa kuwa spishi moja, *Psittacus erithacus*, jina alilopewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, na ndani yake kulikuwa na nususpishi mbili: wa Kongo na wa Timneh. Mwaka 2012 shirika la uhifadhi wa ndege la BirdLife International lilianza kuwahesabu kama spishi mbili kamili, na Timneh akawa *Psittacus timneh*. Ndiyo maana kitabu cha zamani kinamwita Timneh nususpishi na kitabu kipya kinamwita spishi. Ndege ni wale wale, ila mpangilio umebadilika.

Na Kameruni je? Hakuna nususpishi yenye jina hilo. Kasuku wa Kongo wana eneo kubwa mno, kuanzia mashariki mwa Ivory Coast, kupitia Ghana, Nigeria, Kamerun, Gabon na Kongo zote mbili, hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini magharibi mwa Tanzania. Katika eneo la ukubwa huo ni lazima upate wakubwa na wadogo, weupe zaidi na weusi zaidi, na tofauti hizo huja polepole bila mpaka. Muuzaji anayetaja "Kameruni" anamaanisha Kongo mkubwa mwenye kijivu cheupe, na anayetaja "Ghana" anamaanisha Kongo mdogo mwenye kijivu kilichokolea. Kuna waandishi waliowahi kuwatenga ndege wa visiwa vya Príncipe na Bioko wakawapa jina la nususpishi, *princeps*, lakini wataalamu wengi hawalikubali.

Timneh makazi yake ni magharibi zaidi: Guinea-Bissau, Guinea, Sierra Leone, Liberia na upande wa magharibi wa Ivory Coast. Kwa hiyo kasuku wa kijivu aliye mwitu Kakamega, Entebbe, Kagera au Kisangani ni wa Kongo, hata awe mweusi vipi. Timneh akionekana kwenye nyumba ya Nairobi au Dar es Salaam, basi yeye au wazazi wake waliletwa.

Kumtambua bila kumshika

Msogeze karibu na dirisha mchana. Taa za njano na taa nyeupe za umeme zote hudanganya. Mtazame kwa ubavu, na ukipenda mpige picha ya ubavu bila mwanga wa simu.

Anza na mdomo wa juu. Wa Kongo ni mweusi wote, toka mzizi hadi ncha. Wa Timneh una rangi ya pembe inayoelekea waridi, ncha tu ndiyo nyeusi. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko nyingine zote, kwa sababu haitegemei lishe wala umri kama rangi ya manyoya. Kinachoweza kukupotosha ni uchafu. Mdomo uliojaa vumbi au magamba makavu huonekana umefifia, kwa hiyo upanguse kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kutoa hukumu.

Kisha mkia. Wa Kongo ni mwekundu wa kung'aa; wa Timneh ni wa damu ya mzee, karibu na kahawia, na mara nyingi una kingo za kijivu. Hapa ndipo makinda wa Kongo huwaponza watu. Kinda huwa na manyoya ya mkia yenye ncha zilizokolea na wekundu uliofifia, na mnunuzi akiona hivyo husema ni Timneh. Rudi kwenye mdomo. Ukiwa mweusi wote, huyo ni Kongo mchanga.

Ukubwa husaidia ukiupima badala ya kuukisia. Wa Kongo ana urefu wa karibu sentimita 33 na uzito wa takribani gramu 400 hadi 550. Timneh ana karibu sentimita 28 na gramu 275 hadi 375. Weka kijiti cha kusimamia juu ya mizani ya jikoni ya kidijitali, irudishe kwenye sifuri, mwite apande. Pima asubuhi kabla hajala, kila wiki, na uandike. Uzito huo utakufaa zaidi baadaye, kwani kasuku mgonjwa hujificha ndani ya manyoya yake na aliyekonda huonekana mnene kwa kuyatutumua. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usingoje dalili nyingine.

Rangi ya mwili iwe shahidi wa mwisho. Timneh ana kijivu cha mkaa, wa Kongo cha majivu, na kila unyoya wa shingo na kifua cha Kongo una ukingo mweupe unaomfanya aonekane ana magamba. Lakini Kongo aliyefugwa karibu na jiko la mkaa anaweza kuwa mweusi kuliko Timneh msafi.

Jicho halisemi aina, linasema umri. Kinda ana jicho jeusi lote. Miezi ikienda, duara linalozunguka mboni huwa kijivu, kisha jeupe, na akiingia mwaka wa pili au kuupita huwa njano hafifu. Ukishaona njano kamili huwezi tena kukadiria umri; wa miaka 3 na wa miaka 30 wanafanana. Muuzaji anayekuambia "ana miaka saba hasa" bila karatasi anakisia.

Kuhusu dume na jike, hakuna alama ya nje ya kutegemea. Wekundu wa mkia hausemi, wala upana wa kichwa, wala wingi wa maneno. Kinachojua ni kipimo cha vinasaba cha damu au cha unyoya uliotolewa mzima. Na kusema pia hakutenganishi aina: Timneh husema vizuri, ingawa sokoni hupewa sifa ya ububu ili bei ya mwenzake ipande. Pete ya mguuni isiyo na mwanya inaonyesha kwamba alivishwa akiwa kinda, kwa kawaida mikononi mwa mfugaji. Pete yenye mwanya yaweza kuvishwa ndege wa umri wowote, hata aliyetoka msituni juzi.

Kutambua aina hakubadilishi hali ya kisheria. Wote wawili wako kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, na nchini Ghana watafiti walikuta kwamba asilimia 90 hadi 99 ya kasuku hawa wametoweka tangu mwaka 1992. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliwaweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na uamuzi ulianza kufanya kazi Januari 2017, kwa hiyo biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Kuhusu kibali, aulizwe msimamizi wa wanyamapori wa nchi: mwenye ndege Kenya aulize KWS, wa Tanzania aulize TAWA, wa Uganda aulize UWA. Anayehama na ndege kuvuka mpaka anahitaji karatasi za nchi zote mbili, na afuatilie kabla ya kukata tiketi.

Unyoya ukiwa mzima unakuwaje

Shika unyoya wa bawa. Katikati una uti. Kutoka kwenye uti zimetoka nyuzi, na kila uzi una nyuzi ndogo zaidi zenye kulabu zinazoshikana na za jirani, sawasawa na zipu ya suruali. Ukiupanua kwa vidole unafunguka; ukiupitisha vidole kuelekea ncha unafunga tena. Kasuku anayejichokoa kwa mdomo kutwa nzima kazi yake ni hiyo, kufunga zipu zilizofunguka. Unyoya usiofunga tena hata ukiupitisha vidole mara tatu umechakaa, umejaa mafuta, au ulikua vibaya tangu mwanzo.

Kasuku wa kijivu ana pia manyoya laini ya chini yanayosagika yenyewe yakawa unga mweupe. Unga huo hupakaa manyoya ya juu na kuyafanya yasipenye maji. Ndio unaoona juu ya televisheni na kwenye mdomo wake, na ndio unaompa kijivu kile cha majivu. Humsumbua mwenye pumu, ni kweli, lakini kwa ndege ni alama ya afya. Anapojikung'uta kwenye mwali wa jua unapaswa kuona ukungu. Kukiwa hakuna ukungu, mdomo unang'aa kama uliopakwa rangi na kijivu kimekuwa cheusi chenye uchafu, hilo ni jambo la daktari, na nitalirudia.

Unyoya mpya hutoka ukiwa ndani ya ala, unafanana na msumari mdogo wa rangi ya samawati iliyokolea, kwa sababu una damu ndani. Ukishakomaa damu hujiondoa, ala hukauka ikawa nyeupe na kupasuka, na unyoya hufunguka. Usiibandue ala ikiwa bado ina rangi. Inauma na inatoka damu. Unyoya huo ukivunjika na damu ikachuruzika, bana mahali hapo kwa kitambaa safi na unga wa mahindi au wa ngano kwa dakika kadhaa bila kuachia. Damu isipokoma, ndege apelekwe kwa daktari, maana mwenye gramu 400 hana damu ya kupoteza.

Kunyonyoka na kujinyonyoa

Kubadilisha manyoya ni kazi ya kila mwaka, na huenda taratibu kwa miezi kadhaa. Manyoya makubwa ya mabawa yaweza kuchukua zaidi ya mwaka kwisha kubadilishwa yote. Kwa kawaida hutoka moja upande wa kulia na mwenzake upande wa kushoto, ili ndege asipoteze mizani akiruka. Unaokota manyoya chini ya tundu lakini huoni ngozi popote. Ngozi ikionekana, hakubadilishi manyoya tu.

Hapo tazama kichwa. Kasuku anaweza kufika kwa mdomo karibu kila sehemu ya mwili wake isipokuwa kichwa na sehemu ya juu ya shingo. Kifua kikiwa uchi, mapaja na chini ya mabawa pia, huku kichwa kikiwa na manyoya mazuri kama ya ndege mwingine kabisa, basi anajinyonyoa mwenyewe. Kichwa nacho kikiwa na upara, ama ana mwenzake tundu moja anayemnyonyoa, ama ana ugonjwa unaoharibu manyoya yenyewe. Kipimo hiki hakina gharama, na sijui kwa nini watu hukiruka wakakimbilia duka la dawa za mifugo.

Kisha okota manyoya matatu au manne yaliyoanguka. Yaliyotoka kwa wakati wake yana kikonyo, yaani ile ncha iliyokuwa ndani ya ngozi, safi, cheupe, kilichochongoka, kikavu ndani. Yaliyong'olewa yakiwa machanga yana kikonyo laini chenye weusi au wekundu wa damu. Yaliyotafunwa hayana kikonyo. Uti umekatika katikati, nyuzi zimekatwa kama kwa mkasi. Yatie kwenye bahasha, andika tarehe. Daktari akiyaona hayo atakuuliza maswali machache zaidi.

Tofauti ya kung'oa na kutafuna ina maana kubwa katika muda wa kupona. Unyoya uking'olewa, kishimo chake kwenye ngozi huanza kuotesha mwingine karibu mara moja, na baada ya wiki kadhaa unauona. Unyoya uliotafunwa au kukatwa hauoti tena mpaka kipande kilichobaki kianguke wakati wa kubadilisha, na hiyo inaweza kuwa karibu mwaka. Wafugaji wengi hubadilisha dawa kila wiki mbili kwa kuwa "haijafanya kazi", kumbe tatizo lilishatatuliwa zamani na unyoya ndio haujapata zamu yake. Na aliyejing'oa pale pale kwa miaka anaweza kuwa ameua vishimo. Hapo hapaoti tena, hata umtunzeje.

Kukata mabawa huingia hapa. Vipande vigumu vilivyobaki huchoma mbavu kila ndege anapofunga bawa, naye hukiuma kile kinachomchoma, na ndivyo wengine wanavyoanza kujinyonyoa. Unyoya mpya ukitoka peke yake bila jirani wa kuukinga huvunjika kwa kila anguko. Kasuku wa kijivu ni mzito, na aliyekatwa sana huanguka kifua mbele na kupasua ngozi juu ya mfupa wa kidari.

Wadudu, mafuta na dawa za kunyunyiza

Karibu kila anayeona upara husema wadudu. Kwa kasuku mmoja anayeishi ndani ya nyumba, chawa na utitiri ni sababu adimu ya kujinyonyoa. Zinazokutwa zaidi ni lishe ya alizeti tupu, hewa kavu, upweke, usingizi mchache, maumivu ndani ya mwili, ini lililochoka, na sumu ya metali. Hiyo ya mwisho haizungumzwi vya kutosha. Matundu mengi yanayotengenezwa na mafundi wetu ni ya waya uliopakwa zinki, na kasuku huutafuna waya kila siku. Waya mpya wenye chembe na vitone vya zinki ndio mbaya zaidi. Ukishindwa kununua tundu la chuma kisichoshika kutu, usugue waya wote kwa brashi na siki, usuuze sana, uanike, na urudie. Hilo hupunguza hatari, haliiondoi.

Mafuta ya taa, dawa ya kuua mende, unga wa kuulia viroboto wa mbwa: vyote humfikia ndege tumboni, kwa sababu kila kilicho kwenye manyoya yake atakichokoa kwa mdomo. Mafuta ya nazi na vaselini hayana sumu hiyo lakini huziba kulabu za unyoya, zipu hazifungi, ndege hulowa na kupata baridi, na katika kujisafisha hutafuna zaidi. Usipake kitu chochote chenye mafuta.

Maji matupu ndiyo dawa ya kupaka. Ndege huyu ametoka kwenye misitu ya mvua. Mombasa na Unguja hewa yenyewe inamsaidia. Dodoma, au Nairobi ya Januari, au chumba cha Muscat chenye kiyoyozi mchana kutwa, haimsaidii hata kidogo. Tumia chupa ya kunyunyizia ambayo haijawahi kutiwa sabuni wala dawa, maji ya uvuguvugu, nyunyiza juu yake ili yamshukie kama manyunyu, usimlenge usoni. Mara tatu au nne kwa wiki, asubuhi, apate muda wa kukauka kabla ya jioni.

Rangi zinazowatia watu wasiwasi

Wekundu wa mkia hautoki kwenye chakula. Heroe (flamingo) hupata uwaridi wake kwa anachokula, lakini kasuku hutengeneza rangi yake nyekundu mwenyewe, ndani ya unyoya unapokua. Karoti, pilipili na mawese haviongezi wekundu. Pilipili haimdhuru, kwa kuwa ndege hasikii ukali wake, ila pia haimfungui ulimi.

Manyoya mekundu yakitokea mahali pa kijivu, yaani tumboni, mgongoni au mapajani, kuna njia mbili. Wachache huzaliwa hivyo kwa urithi, na hao huuzwa ghali kwa jina la "mfalme". Wengi zaidi ni ndege ambao vishimo vyao viliumia, kwa kujing'oa, kwa lishe duni au kwa ugonjwa, na unyoya uliofuata ukatoka mwekundu. Kwa hiyo unayeuziwa mfalme, uliza picha zake za kinda, na utazame kama wekundu uko pale pale ambapo ndege anayejinyonyoa hufika kwa mdomo.

Weusi una sababu nyingi. Unyoya mkuukuu huvaa kingo za kahawia na nyeusi kwa kuchakaa tu, na hubadilika ukianguka. Mafuta ya mikono ya watu wanaompapasa mgongo huacha alama pale pale wanapopapasa. Moshi humchafua mwili mzima. Lakini kijivu kikitoka cheusi kwenye unyoya mpya, bado na vipande vya ala, uliokua nyumbani kwako, fikiria lishe na ini.

Halafu kuna mistari. Geuza unyoya wa bawa kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaopita kuvuka nyuzi, upande hadi upande, hapo ndipo ukuaji ulisita kwa siku moja au chache. Aliugua, alishinda njaa, alihamishwa, alipigwa na hofu. Mstari mmoja wa zamani si kitu. Mistari mingi kwenye kila unyoya ni ndege aliyeishi vibaya muda wote unyoya huo ulipokuwa unakua.

Anachokula hukifanya kuwa manyoya

Unyoya karibu wote ni protini, na kubadilisha manyoya ni gharama. Alizeti na karanga peke yake humpa mafuta mengi, vitamini A kidogo na kalsiamu kidogo. Kasuku wa kijivu anajulikana kwa kushuka kalsiamu ya damu kiasi cha kutetemeka na kuanguka kifafa. Karanga za sokoni zina jambo lake: sumukuvu, ambayo hushambulia ini. Usimpe karanga mbichi zenye maganda yenye ukungu, hata kama nyumbani mnazila.

Chakula bora kwa siku ni punje za kiwandani za kasuku zikipatikana, au mchanganyiko wa mahindi mabichi, maharage au choroko zilizochemshwa zikaiva kabisa, na wali kidogo, pamoja na bakuli la mboga zilizokatwa. Sukuma wiki hushinda mchicha, kwani mchicha una tindikali inayofunga kalsiamu. Boga, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa humpa vitamini A. Msituni hula sana matunda ya mchikichi, kwa hiyo mawese halisi, robo ya kijiko cha chai mara mbili au tatu kwa wiki, yanamfaa. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, au ule mfupa mweupe wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi) unaookotwa ufukweni, ulowekwe maji baridi siku kadhaa, uchemshwe, ukaushwe juani, ndiyo kalsiamu ya bei nafuu. Parachichi asiguse. Chumvi, kahawa, chokoleti na pombe pia.

Kalsiamu haiingii mwilini bila vitamini D, nayo inahitaji jua. Dakika 20 hadi 30 za jua la asubuhi nje, nusu ya tundu ikiwa kivulini, zinatosha. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, kioo huzuia miale inayohitajika. Usiku alale saa 10 hadi 12 gizani. Sebule yenye televisheni hadi saa sita haimpi hizo. Na vikaangio vya tefloni visiwashwe moto mkali nyumba moja na ndege: mvuke wake huua kwa dakika chache.

Lini ni ugonjwa wa manyoya wenyewe

Upara unaofika kichwani, unga uliotoweka, mdomo unaong'aa, manyoya mapya yanayotoka yamejikunja, yamebanwa karibu na kikonyo au yamebaki ndani ya ala bila kufunguka: dalili hizi zikikutana zinaelekeza kwenye ugonjwa wa mdomo na manyoya wa kasuku, unaojulikana kwa herufi PBFD. Husababishwa na virusi viitwavyo sirkovirusi, huambukizwa kwa vumbi la manyoya na kinyesi, na virusi hukaa muda mrefu kwenye mazingira hata ndege akiondoka. Kasuku wa kijivu wachanga wakati mwingine hufa ghafla kabla manyoya hayajaonyesha lolote. Hauna dawa ya kuuponya. Hauambukizi watu.

Kwa macho huwezi kuuthibitisha, hata daktari hawezi. Kinachohitajika ni kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, cha damu na cha unyoya uliong'olewa mzima na kikonyo chake. Usipeleke ulioanguka sakafuni, kwani unaweza kuwa na vumbi la ndege mwingine. Matokeo yakiwa na virusi lakini ndege haonyeshi dalili, atengwe na kasuku wengine wote, nguo na mikono vioshwe kati ya tundu moja na jingine, na kipimo kirudiwe baada ya siku 90, kwa sababu wako wanaovifukuza virusi wenyewe. Ndege mgeni unayemleta nyumbani penye kasuku mwingine apimwe kwanza, akae chumba chake, na asichangie bakuli moja na mwenyeji mpaka majibu yarudi.